Meno ya Mwarungu

Sogeeni mnisikie, na mwenye simu aizime, maana kisa hiki nakisema mara moja na sirudii. Mwisho wake sina. Nitawaachia nyinyi, na atakayenijibu kwa kutaka kumpendeza kila mtu nitamkatiza hapo hapo.

Palikuwa na watu watatu nyuma ya vilima vya Taita, upande ule wa nyika ambako watu huchimba vito.

Wa kwanza ni Wakesho, mchoma matofali. Mama huyu aliujua moshi kama wewe unavyoijua njia ya kwenda kwako. Alisimama mbali na tanuri, akautazama moshi unavyotoka, akakwambia ni pembe ipi matofali hayajaiva. Ukibomoa, unakuta ni kweli. Alikuwa mjane. Mumewe, Mwakio, alikufa ndani ya shimo la Mwarungu kwa moshi wa baruti.

Wa pili ni Maghanga, mdogo wake Mwakio, yaani shemeji yake Wakesho. Mchimbaji, mwembamba kama mpini wa jembe, na vidole vyake ndivyo vilivyokuwa macho yake. Ukimpa jiwe gizani alilipapasa tu akataja ukuta lilikotoka.

Wa tatu ni Mkawasi, mwalimu wa chuo cha ufundi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vitu vinavyopita ndani ya mabomba, iwe maji, mafuta au hewa. Mwambie bomba lina urefu gani, upana gani, na ukuta wake ni laini au una makwaruzo. Atainamia kompyuta yake, kisha atakwambia ni kiasi gani kitafika upande wa pili, na ni kiasi gani kitaliwa njiani. Wenzake walimtania kwamba amesoma miaka yote hiyo ili aolewe na bomba. Naye alicheka nao, akaendelea kuhesabu.

Hao ndio watatu. Sasa shimo.

Mwarungu lilikuwa na njia mbili. Njia kuu watu walipita wima. Njia ya pili ilianzia ubavuni mwa kilima ikashuka hadi chumba cha mwisho, nyembamba, ya mtu kutambaa kwa tumbo. Wachimbaji wa mwanzo waliichonga kwa nyundo na patasi ili shimo lipate hewa, na watu wakaiita Koo. Katikati yake ilitanuka kidogo, wakapaita pale Tumbo.

Na palikuwa na desturi. Mchimbaji akianza kazi Mwarungu, aliacha jino moja la jiwe ukutani bila kulichonga, akatundika hapo taa yake na chupa yake ya maji. Hilo likawa jino lake. Akifa, hakuna anayetundika kitu tena, na hakuna anayelivunja. Ukipita unaligusa, basi. Wengi walichagua kuliacha la kwao ndani ya Koo, upande wa juu hadi shingoni pa Tumbo, kwa kuwa huko halisumbui mtu mwenye mzigo. Kwa hiyo Koo likajaa meno, ya wazima na ya wafu. Hakuna aliyeona ubaya. Kuna ubaya gani kumkumbuka mtu? Hawakufikiri kwamba hewa nayo inapita humo humo, na hewa haijui jino la nani ni la nani.

Asubuhi moja Mwandoe aliingia chumba cha mwisho na wenzake wawili. Mwandoe huyu alikuwa mtoto pekee wa mwenye shimo, mama mmoja ambaye kila mtu alimwita Mama Mwandoe. Walilipua baruti pembeni, wakangoja, moshi ukapanda Kooni, wakaona chumba kimekuwa cheupe wakaingia kuokota mawe. Ndipo dari la njia kuu lilipoanguka nyuma yao.

Watu wa juu walisikia ardhi ikikohoa. Kisha vumbi likatoka mlangoni, taratibu, kama unga unaomwagika.

Kule chini wakaanza kugonga. Pale Mwarungu, kugonga kwa nafasi maana yake tuko hai. Kugonga kwa haraka haraka maana yake mnatuua. Nyundo zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na sauti yake. Wachimbaji wakaanza kuondoa kifusi, lakini yeyote aliyekiona alijua kwamba kazi ile itafika jioni, na hewa ya chumba kile haitafika jioni.

Nyapara akafanya ambalo ningelifanya mimi, na wewe pia, usijidanganye. Akaburuta ile feni kubwa ya injini ya dizeli hadi mdomo wa Koo, akaufunga mfuko wa turubai kati ya feni na Koo, akapuliza kwa nguvu zote. Watu wakashukuru Mungu. Kisha wakasikia chini nyundo zinagongwa haraka haraka, bila mpangilio, kama mtu anayepiga mlango wa nyumba inayoungua.

Moshi wa baruti ulikuwa haujatoka. Ulikuwa umelala Tumboni, na sasa wale vijana walikuwa wanasukumiwa usoni.

Nyapara akazima injini. Baada ya kitambo ile sauti ya kugonga kwa nafasi ikarudi, ila nyundo zilikuwa mbili.

Mama Mwandoe aliisikia hesabu hiyo kama kila mtu. Hakulia. Alifungua leso yake kiunoni, akaitandika mlangoni pa shimo, akaivuka. Mwanamke akifanya hivyo pale Mwarungu, neno atakalolisema hana ruhusa ya kulirudisha.

"Atakayenitolea mwanangu," akasema, "shimo hili litafuata kauli yake. Akisema lichimbwe, litachimbwa. Akisema lifukiwe, nitalifukia kwa mikono yangu. Sitaongeza neno na sitapunguza."

Mkawasi, aliyeitwa mara dari lilipoanguka, alikuwa amefika kutoka chuoni, na kompyuta yake imeshapata jibu la nguvu ya feni. Alikuwa ameliandika Koo kama ukuta wa kawaida wa mwamba uliochongwa, wenye makwaruzo ya kawaida. Kisha akasikia wachimbaji wakiyataja yale meno, akauliza ni meno gani. Walipomweleza akafuta hesabu yote. Akasema wazi mbele ya watu kwamba jibu alilokuwa nalo lingewaua wale vijana. Ndani ya bomba la namna ile hewa haiendi kama uzi, inajipiga ukutani, inajiviringa nyuma ya kila jino, na nguvu yake nyingi inaishia kuzunguka. Akataka kujua meno yana urefu gani na yanafuatana vipi.

Maghanga akasema vidole vyake vinajua, ila mdomo wake hauwezi kueleza. Wakesho akamwambia asieleze. Akampa mfuko wa udongo wake wa matofali, ule laini, akamwagiza aukandamize kwenye kila jino, aubandue, aurudishe juu kwa mpangilio ule ule.

Basi Maghanga akaingia.

Walimfunga kamba mguuni. Makubaliano yalikuwa kwamba ataivuta kila mara, na asipoivuta wamtoe kwa nguvu hata ngozi ibaki ukutani. Koo lilimmeza kichwa, mabega, kiuno, mwisho nyayo zikaondoka. Ndani hakuwa na nafasi ya kuinua kichwa wala ya kugeuka. Alitambaa kwa ncha za vidole vya miguu, anabandika udongo, anabandua, anaurudisha kwenye mfuko mbele yake, anaendelea. Alipolikaribia Tumbo akaanza kuonja baruti ulimini, utamu mbaya, na kichwa kikawa chepesi. Alisikia kicheko akadhani kuna mtu mbele yake, kumbe ni yeye mwenyewe anacheka. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Akabandua udongo wa jino la mwisho, akashika kamba akaivuta mara nyingi, wakamtoa, macho yake mekundu na mfuko wa udongo umekumbatiwa kama mtoto mchanga.

Angekataa kuingia, pangekuwa na nini? Kompyuta inayouliza swali na mwanamke aliyeshika udongo mtupu.

Sasa kazi ya Wakesho. Alipiga magoti chini akajenga Koo dogo la udongo, urefu wa kitanda, akalikata upande mmoja wazi. Kila kipande alichorudi nacho Maghanga alikitazama, akafinyanga jino dogo la umbo lile, akalipanda mahali pake. Kisha akaagiza king'olewe kioo cha dirisha la kibanda cha nyapara, akakiegemeza upande ule uliokatwa, ili ndani paonekane. Akaunguza majani mabichi, akaujaza moshi Tumboni. Alifanya haya yote mikono ikienda haraka na uso umetulia, huku nyundo mbili zikigonga chini ya magoti yake.

Alipuliza kwanza kwa bua la mpapai. Moshi ukageuka, ukashuka chini kwa wale vijana. Watu wakageuza nyuso. Kisha akawasha kijimoto kwenye mdomo wa Koo lake, kwa nje, ili joto liuvute moshi kama linavyouvuta ndani ya tanuri. Moshi ukaanza kuja. Ukafika shingoni pa Tumbo, ukasimama hapo. Ulizunguka nyuma ya jino moja kubwa, ukazunguka, kila ukitoka kidogo unarudi.

Wakesho akalikwangua jino lile kwa ukucha. Moshi ukatoka wote. Akalirudisha, moshi ukazunguka tena. Akalikwangua mara ya pili, na mara hii hakulirudisha.

Maghanga alikuwa amekaa chini amejifunika blanketi. Akainuka akatazama kupitia kile kioo.

"Shemeji," akasema, "hilo ni la kaka."

"Najua ni la nani," Wakesho akajibu. "Nililifinyanga mimi."

Bila udongo ule nyapara angewasha feni tena, angepuliza tena, na zile nyundo mbili zingekuwa hazipo. Hilo halina ubishi.

Wachimbaji walinung'unika. Mmoja alisema kwa sauti kwamba marehemu hasumbuliwi, na kama moshi ule unakaa kwa Mwakio huenda Mwakio ndiye anayeushikilia. Mnajua watu wakiogopa wanavyosema. Wakesho akampa shemeji yake patasi.

Maghanga akaingia mara ya pili, na safari hii mbali zaidi, kichwa ndani ya moshi kabisa, kitambaa cha maji mdomoni. Waliokuwa juu walisikia patasi ikilia, ikinyamaza, ikilia. Kamba ikatulia. Aliyeishika alikuwa amekwisha kuanza kuivuta ndipo lile jiwe likalia kuvunjika, na Maghanga akatolewa hajitambui, jino la kaka yake limo kwenye ngumi. Walimmwagia maji. Alipofumbua macho akatapika, na neno la kwanza alilosema alimuuliza Wakesho kama amemsamehe. Wakesho akamwambia anywe maji.

Ikabaki nguvu ya feni. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi huwa wananiambia eti kazi ilikuwa imeisha.

Haikuwa imeisha. Lile Koo dogo lilionyesha njia ya moshi, basi. Nguvu halikuonyesha. Mkawasi alieleza kwamba hewa ndani ya kijibomba haina tabia ya hewa ndani ya bomba kubwa, na atakayekisia nguvu kwa kutazama kile kioo atazika watu. Wakesho mwenyewe alikubali. Mkawasi akapima vile vipande vya udongo kimoja kimoja, urefu na nafasi, akaviingiza kwenye hesabu, akahesabu ukuta utakula kiasi gani. Ukivuta polepole, ukuta unakula yote na chumbani hakuna kitakachosogea. Ukivuta kwa nguvu zote, hewa haizidi kwa kadiri ile, kwa sababu kuzunguka kunazidi pia, na injini ile kuukuu itachemka ife. Ikifa moshi unarudi ulikotoka. Palikuwa na nafasi nyembamba katikati, na ndiyo aliyoitafuta akiwa ameuma mdomo, huku kila mtu akimtazama mgongoni.

Akaona jambo jingine kabla halijawa msiba. Feni ikigeuzwa ivute, ule mfuko wa turubai utanywea na kujifunga. Akaamuru mapipa yakatwe matako, yaunganishwe, yazibwe kwa udongo. Kisha feni ikageuzwa, injini ikawashwa, naye akaweka alama kwa chaki pale mkono wa kuongeza mafuta unapotakiwa kukaa.

Hakikutoka kitu. Injini ilinguruma kwa sauti ya chini, watu wakatazama mdomo wa feni, na hakuna kilichotoka isipokuwa vumbi kidogo. Chini nyundo moja ikanyamaza. Baadaye na ya pili ikanyamaza.

Mama Mwandoe alikaa chini. Nyapara akanyoosha mkono aongeze mafuta.

"Usiguse," Mkawasi akasema. Alikuwa ameuweka mkono wake mwenyewe juu ya ile alama. "Hewa mpya ya kwao inapenya kwenye kifusi, inakuja polepole. Ukiongeza sasa, injini inakufa kabla moshi haujafika hapa. Ukitaka kuongeza, nivunje mkono kwanza."

Nyapara alimtazama. Sijui kama alimwamini. Nadhani alichoka tu kuwa mtu wa kuua. Akarudi nyuma.

Wakangoja. Mkawasi mwenyewe alikuwa analia, mkono uko pale pale.

Harufu ilitangulia. Kisha moshi wa manjano ukatoka mdomoni mwa feni, mzito, ukashuka kwenye nyasi, na watu wakaukimbia huku wanaushangilia. Ulitoka muda mrefu. Ulipokwisha, ikatoka hewa yenye harufu ya mwamba uliolowa, na chini kabisa nyundo ikagonga. Moja. Kisha nyingine.

Kabla ya jua kuzama wachimbaji walipenya kifusi wakawatoa wote watatu. Ile nyundo ya kwanza kunyamaza ilikuwa ya Mwandoe. Alitolewa amebebwa, midomo ya majivu, lakini alikuwa anapumua, na mama yake aliweka sikio kifuani pake asilitoe.

Najua kuna mtu hapa anataka kuniuliza mbona wale waliochimba kifusi siwahesabu. Waliheshimiwa, walikula, waliimbiwa. Lakini wao wenyewe walisema bila kuulizwa kwamba kifusi kile wangekichimba hata hivyo, na bila hewa wangekuwa wanachimbua maiti. Tuendelee.

Kesho yake watu walikusanyika mlangoni pa shimo. Leso ilikuwa bado imetandikwa. Mama Mwandoe akasema yuko tayari, aliyemtolea mwanawe aje aseme neno lake.

Wakesho akaja. Akasema kwamba bila kujua wangeushindilia moshi ndani ya vifua vya watoto kama si udongo wake. Neno lake ni kwamba shimo lifukiwe leo, mlango mpaka mlango. Limekula mume wake, jana lilitaka kumla mtoto wa mwenzake, na lile jino alilokuwa akienda kuligusa kila mwaka sasa halipo tena ukutani. Hana cha kulinda humo.

Maghanga akaja. Akasema shemeji yake anasema kweli, ila udongo hautambai. Aliyeingia mara mbili ni yeye. Neno lake ni kwamba shimo lichimbwe. Watoto wa Mwarungu wanakula kwa shimo hilo, hao wa Wakesho wakiwemo, kwa kuwa yeye ndiye anayewalisha tangu kaka yake afe. Akasema amelivunja jino la kaka yake ili watu waishi. Wakilifukia, basi alilivunja ili wafe njaa.

Mkawasi akaja. Akasema hao wawili wanasema kweli, lakini njia ilikuwa imeonekana na jino limevunjwa, na bado nyundo zilikuwa zinanyamaza. Kilichofikisha hewa chini ni nguvu ile, na mkono uliokataa kuondoka pale. Neno lake ni kwamba lisifukiwe wala lisichimbwe, bali lifungwe hadi ichongwe njia nyingine ya hewa, pana, ukuta laini, bila jino la mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Wachimbaji wakamuuliza itachukua muda gani. Hakuwadanganya. Alisema pengine mwaka, pengine zaidi. Mtu mmoja nyuma akamuuliza watakula hesabu? Mkawasi akasema hilo hawezi kulijibu, na kwamba yeye hesabu yake haijui kudanganya tumbo.

Wazee wakajaribu kuwapatanisha, wakashindwa. Wakajaribu kumwambia Mama Mwandoe achague jambo analolitaka yeye, akakataa. Aliapa kwamba atatii kauli ya aliyemtoa mwanawe, hakuapa kwamba atachagua kauli inayompendeza. Na aliapa juu ya mtu mmoja.

Walimuuliza hata Mwandoe. Akasema yeye alikuwa gizani akisikia kelele tu, na kwamba atakayetajwa atamfuata, iwe ni kushika sepeto ya kufukia au kuwasha taa ya kushuka.

Sasa wewe unayejiandaa kuniambia ni wote watatu, kaa. Shimo halifukiwi huku linachimbwa. Na wewe unayetaka kuniambia ni nani aliyehatarisha uhai zaidi, niambie pia ni nani aliyekuwa amebeba uhai wa wengine mkononi. Ukinitajia aliyepoteza kikubwa zaidi, nieleze tangu lini uchungu ukawa ushahidi. Msinipige chenga. Mtoeni mmoja, mseme sababu, na mkubali yatakayowapata watu wa Mwarungu kwa neno lenu.

Wachimbaji wamesimama mlangoni, nusu wana taa, nusu wana sepeto. Wakesho, Maghanga na Mkawasi wamesimama kando kando, hakuna anayemtazama mwenzake. Mama Mwandoe ameinua mkono wake wa kulia amtaje aliyempa mwanawe.

Mkono huo ni wako. Unamwonyesha nani?